Mwaka huu udongo wangu hauendi kwa jirani

Jamani mwaka jana masika yalinikuta nimelala. Nilikuwa na matuta manne hapa nyuma ya nyumba, Kimara, mchicha na matembele, nimeyapanga yote yanashuka na kilima yamenyooka kama reli eti yapendeze ukiyaangalia toka dirisha la jikoni. Ikaja mvua ya siku mbili mfululizo, asubuhi natoka nakuta mifereji mitupu, na mzee anayekaa chini yangu ananiita pale ukutani: "Mwanangu, njoo uchukue shamba lako." Udongo wote, na samadi niliyonunua viroba sita kwa hela yangu, vimehamia kwake, na wiki iliyofuata mchicha wangu ukawa unaota kwenye njia yake ya gari. Nikashuka na toroli na shikamoo nyingi, akanicheka tu.

Kwa hiyo mwaka huu nimeanza katikati ya Februari, jua linawaka mpaka jembe linachoma mkono. Huku hatuna ile ya kusubiri theluji iyeyuke, msimu wetu unafunguliwa na mvua, masika Machi mpaka Mei, na wengi wetu hata TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa utabiri tunasubiri tone la kwanza ndo tukimbilie jembe. Hapo ushachelewa bana. Udongo ukishalowa ukiukanyaga kanyaga unashindiliwa, ukikauka unakuwa tofali.

Usafi nilimaliza jumamosi moja. Makopo, vifuu, tairi la zamani, visahani vya chini ya vyungu vya maua, chochote kinachoweza kutunza maji nikatupa au nikakifunika, maana dengue ya 2019 hapa Dar hatujaisahau na yule mbu wake anauma mchana kweupe, anazalia kwenye hayo hayo maji kidogo yaliyotulia nyumbani kwako, wala hahitaji bwawa. Mwembe nao nikaupogoa, embe zimeisha na ule ndo wakati wake, ukizubaa mpaka Juni Julai unakata maua ya msimu ujao halafu unaanza kulaumu mti.

Kazi yenyewe ilikuwa matuta. Safari hii nimeyalaza yakinge mteremko, na hapa ndo nilipojifunza kwamba macho yanadanganya, yaani mimi naona tuta limekaa sawa kabisa kumbe limeinama upande mmoja, na maji yakipata sehemu ya chini yanakusanyika hapo yanapasua. Kuna fundi ujenzi mtaani akaniazima ule mpira wao mwembamba unaoonyesha, unajaza maji, mmoja anashika mwisho huku mwingine kule, maji yakitulia ndo levo yako, unapigilia kijiti. Nilikuwa namshikisha mtoto anachoka anaushusha maji yanamwagika mguuni tunaanza upya. Siku nzima, vijiti ishirini na kitu. Lakini sasa kila tuta linafuata levo yake, yamepindapinda hayapendezi hata kidogo, na juu kabisa nimechimba mtaro wa kukamata maji yanayotoka kwa wa juu yangu niyaelekeze kwenye mfereji wa barabarani. Kingo za mtaro nimepanda mchaichai, mizizi yake inashika udongo vizuri na majani tunachemshia chai.

Mbolea nayo nilishaiandaa tangu mwanzo wa Januari, maranda ya banda la kuku wa nyama. Usije ukayatoa bandani ukayamwaga moja kwa moja, yanaunguza miche, mimi nilishaua nyanya chungu zangu zote hivyo hivyo. Lundika, lowesha kidogo, funika, kila baada ya siku kadhaa geuza, ukiona katikati hakuna joto tena na ile harufu ya kukata pua imeisha hapo yako tayari. Nikachanganya na majani ya mwembe, mengine nikayaacha ya kutandaza juu ya matuta, manake mvua ya kwanza ikipiga udongo mtupu ndo inayoanza kuubeba.

Mama watoto yeye anataka waridi na asumini mbele, anasema nyumba nzima imekuwa shamba. Tumeelewana apate ukuta wa mbele wote ila nyuma asiniguse. Nyanya nimeachana nazo mpaka masika yaishe, mvua ikikazana ukungu unazimaliza ndani ya siku chache na sina hela ya kupuliza dawa kila wiki. Matembele ndo yangu, unakata tu vipande vya mashina unachomeka. Mbegu za mchicha bado ziko kabatini, ni ndogo mno hizo, nitachanganya na mchanga mkavu nikisia zisirundikane.

Juzi usiku ikapiga ya kwanza, kama nusu saa hivi lakini nzito. Nikatoka na tochi na bukta, nimelowa chapa, nakuta maji yanapita kwenye mtaro yanakunja kona yanaenda barabarani, tuta la tatu limebomoka kidogo pembeni, mengine yametulia. Namulika ukutani, naona tochi nyingine. Mzee naye katoka, kajifunika kiroba kichwani.

"Leo hukuniletea kitu?"

"Leo hapana mzee, shikamoo."

"Marahaba. Na mimi nilishaandaa sehemu ya mchicha."