Mwalimu wa Kiswahili wa Brunnenstraße

Katika mji huu wa Berlin ninaofundishia watoto Kiswahili kila Jumamosi aliwahi kuishi mwalimu mwingine wa Kiswahili, na Wanazi, wafuasi wa Hitler waliotawala Ujerumani, wakamfungia kambi ya Sachsenhausen mpaka akafa. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Wengi hapa humtaja kama Bayume Mohamed Husen. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta mtoto, naye akaingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Mwaka 1929 akaja Berlin, akadai mishahara ya vita ambayo hawakulipwa. Hakupewa kitu. Akabaki, akaoa, akawa mhudumu wa mgahawani, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni.

Kwa kuwa Januari 27, siku ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, inakaribia, niliwapeleka wanafunzi Brunnenstraße 193. Hapo chini, kwenye njia ya waendao kwa miguu, kuna kibao cha shaba kisichozidi kiganja. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha vibao hivi vya kuwakumbuka wahanga wa Wanazi, na sasa Ulaya vimepita 100,000, vingi vikiwa vya Wayahudi, kila kimoja na jina la mtu mmoja. Cha Mahjub kilikuwa kimepiga weusi. Binti mmoja akapiga magoti, akakisugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, herufi zikaanza kujitokeza moja moja. "Mohamed, kama babu!" akasema. Kisha: "Mwalimu, alikosa nini?"

Nikamwambia kweli. Mwaka 1941 alikamatwa kwa shutuma za kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, mzungu. Akapelekwa kambini bila kesi. Akafa Novemba 24, 1944.

Lakini sikutaka waondoke wakidhani watu weusi na Wayahudi walifanyiwa sawasawa. Wayahudi waliuawa milioni 6, kwa mpango wa kutobakiza hata mmoja, mpaka watoto wachanga. Watu weusi wa Ujerumani walinyanyaswa vibaya, na mwaka 1937 vijana wa Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, waliozaliwa na baba weusi walifungwa uzazi kwa siri, ila mpango wa namna ile dhidi yao haukuwapo. Nilianza na Mahjub kwa sababu lugha yake wanaijua, ili majina mengine nayo wayasome kama majina ya watu.

Kinachonikosesha usingizi ni shule. Aprili 1933 sheria iliweka kikomo cha wanafunzi Wayahudi. Likaletwa somo la mbari, yaani la kuwagawa watu kwa rangi na asili zao: walimu wakawasimamisha watoto mbele ya wenzao wakawapima vichwa na pua. Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule zote za serikali. Haya yote yalitangulia vyumba vya gesi vya kuulia watu, na walioyafundisha ni walimu wenye vyeti, wenye kuandaa masomo yao jioni kama mimi. Ndiyo maana siridhiki na kipindi kimoja kwa mwaka, mishumaa ikawashwa, hotuba ikasomwa, basi.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Majuzi kwenye shughuli yetu mtu mzima, sahani ya pilau mkononi, alisema Wayahudi ndio wanaoshika pesa zote za dunia. Watu wakaitikia, watoto wamekaa hapo hapo wanasikia. Nikamwambia, "Kaka, hayo ndiyo waliyofundishwa watoto wa huku, kwenye vitabu vya shule." Alinyamaza, sijui kama alinielewa au aliniheshimu tu mbele za watu.

Mzazi mmoja ameniomba niachane na mambo haya mazito, nifundishe ngeli. Ngeli nitafundisha. Ila Jumamosi ijayo wale wakubwa watasoma tangazo lile la Novemba 1938 la kuwafukuza watoto wa Kiyahudi, nimelitafsiri jana usiku. Kisha nitawauliza: wale wanafunzi waliobaki darasani walisema nini asubuhi yake, walipoyaona madawati ya wenzao.