Siku moja maishani mwangu: "mama, miguu inalia"

Saa kumi alfajiri. "Mama, miguu inalia." Binti yangu ana miaka minne, na tangu aanze kuongea maumivu ameyapa jina hilo. Nikisikia tu usingizi unakata. Ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nampima homa, 37.4, afadhali, maana ikifika 38.5 kwetu hakuna cha kusubiri kuche, ni hospitali hata kama anacheza, bandama la watoto hawa halifanyi kazi vizuri kwahiyo bakteria wakiingia kwenye damu wanaenea haraka sana. Namgusa tumbo upande wa kushoto kuona kama hilo bandama limevimba, walinifundisha kliniki na sasa mkono unaenda wenyewe. Dawa ya maumivu, maji kikombe kizima, blanketi, namkanda miguu taratibu mpaka kunakucha.

Saa kumi na mbili. Penisilini, folik asidi, haidroksiyurea, za kila siku hizo, aumwe asiumwe. Namwandikia bosi "mtoto anaumwa tena". Hilo neno "tena" nimelifuta nikaliandika mara tatu. Amejibu sawa, fanyia kazi huko huko uliko.

Saa tatu. Hataki hata shuka limguse goti. Tumeondoka.

Saa nne. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dripu na dawa kwenye mshipa. Jamani hapa ndo penye siku yenyewe. Nesi kaja na sindano anamwambia haiumi mama, kama mbu tu, nikamwomba kwa heshima dada, sisi hatumwambii hivyo. Sio kwamba najua sana, ni kwamba mwaka jana mimi mwenyewe ndo nilikuwa namwambia haiumi, mpaka siku moja akaniangalia machozi yanamtoka akasema "mama ulisema haiumi", na baada ya hapo wiki nzima hakupokea hata dawa ya kunywa mkononi mwangu. Nilimpoteza kwa neno moja. Sasa namwambia itauma, tutahesabu mpaka kumi, kulia ruksa, kazi yako ni mkono usitikisike, chagua mkono. Simlazi tena kitandani watu wanne wakamkandamiza, nampakata kifua kwa kifua, mkono wake unapita kwapani kwangu na nesi anafanyia kazi nyuma yangu.

Mara ya kwanza mshipa ukapasuka. Ya pili haukupatikana kabisa, anazungusha sindano ndani na mtoto ananing'ata bega. Nikasema basi, naomba tupumzike, tumuloweke mkono kwenye maji ya vuguvugu, na aje mwenye uzoefu na watoto. Nilikuwa natetemeka wakati nasema, mimi sio mtu wa kubishana na wahudumu, ila nimejifunza kuwa kuomba mtu mwingine sio utovu wa adabu. Ya tatu ikaingia. Tulihesabu mpaka kumi na nne. Alipotulia akaniambia "mama, ilipita kumi." Nikamwambia ndiyo mwanangu, ilipita, nisamehe.

Saa saba mchana. Dripu inashuka, mofini imemtuliza, amelala mdomo wazi. Nimefungua laptop namalizia malipo ya mishahara ya wenzangu huku mkono mmoja uko mguuni kwake.

Saa tisa. Mama wa kitanda cha jirani, mtoto wake miezi tisa, wameambiwa juzi tu kuwa naye ana seli mundu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "dada, ni mimi nimempa au baba yake?" Nikafunga laptop. Nikamwambia ni nyote wawili, kila mmoja kabeba nusu bila kujua wala kuumwa, na kila mimba inakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa huu. Akasema mbona alizaliwa mzima kabisa, nikamwambia hata wangu, miezi ya mwanzo wanalindwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni, ikishapungua ndo vidole vinaanza kuvimba. Vya binti yangu nilidhani kaumwa na mdudu. Tulikaa pale tunalia wawili, watoto wamelala.

Saa kumi na mbili jioni. Daktari kasema tunalala hapa, damu imeshuka kidogo, wataipima tena asubuhi. Baba yake kaleta nguo na themomita, kakaa naye nikaenda kuoga.

Saa mbili usiku. Kaamka, miguu inalia "kidogo tu". Kanywa maji. Halafu swali nililokuwa naliogopa mchana kutwa, "kesho watanichoma tena?"

Ningeweza kusema sijui, lakini nilikuwa najua. Nikasema ndiyo, asubuhi, damu kidogo, na mimi nitakuwa nimekupakata.

Akalia, sio sana. Kisha akatoa mkono wa kulia kwenye shuka akautazama pande zote. "Wachome huu. Ule wenye kanula waache ulale."