Hayumo Kwenye OB

Mtoto wa mama mdogo alikamatwa Ijumaa jioni, mwezi Mei 2015, akiwa kibandani kwake karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu, anatengeneza simu. Majirani zake sokoni walituambia kwamba wanaume waliovaa kiraia walishuka garini, wakamuuliza jina, wakazoa simu zote zilizokuwa mezani wakazitia kwenye gunia, wakaondoka naye. Hawakuonyesha kitambulisho wala karatasi. Mtu mmoja tu ndiye aliyedai kusikia neno "Al-Shabaab", lakini kufikia saa mbili usiku mtaa mzima wa Kaloleni ulikuwa umelisikia.

Majira yenyewe yalikuwa mabaya. Aprili 2 magaidi wa Al-Shabaab, kundi la Somalia, walikuwa wamevamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nilikuwa nafundisha shule ya upili nje kidogo ya mji wa Kisumu, na mmoja wa waliouawa tulimfundisha sisi. Tulikuwa hatujamaliza hata matanga. Katika mwezi kama huo, kijana Mwislamu mwenye duka la simu, anayesafiri hadi Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, kununua spea, hakuhitaji kufanya kosa lolote ili atazamwe kwa jicho la pembeni.

Usiku ule ule mimi na mama mdogo tulianza kuzunguka vituo vya polisi kwa tuktuk. Yeye alibeba mkate na chupa ya chai.

Asiyewahi kumtafuta mtu wake kwenye kaunta ya polisi hajui uzito wa kitabu cha matukio, ambacho kila Mkenya anakiita OB. Kila jambo huingizwa mle kwa namba na saa: kitambulisho kilichopotea, mbuzi walioibwa, mke aliyepigwa, afande anayeingia zamu. Mtu akiletwa seli, anaandikwa. Katiba, kifungu cha 49, inasema mshikwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ushahidi wa saa alipokamatwa huwa ni mstari ule wa kalamu ya bluu. Usipoandikwa, saa zako hazijaanza.

Katika kituo kimoja tulimkuta afande kijana mwenye adabu. Alilowesha kidole, akapekua kurasa kuanzia mchana hadi mstari wa mwisho, kisha akasema, "Mama, hayumo."

"Tafuta tena, mwanangu."

Alitafuta tena. Baadaye akakigeuza kitabu kituelekee, jambo ambalo nadhani hakuruhusiwa kulifanya. Ingizo la mwisho lilihusu baiskeli. Mama mdogo akauweka mkate kwenye kaunta, akamwomba ampe kijana wake akiletwa. Afande akausukuma taratibu urudi kwake. "Mkate wa mtu ambaye hayumo nitaupokeaje, mama? Nikiupokea nitakuwa nimesema yumo."

Sikumchukia. Alikuwa amelieleza jambo zima vizuri kuliko wengi niliowasikia wakiligombania redioni.

Jumamosi tulimpata wakili kijana aliyekubali kutusaidia bila malipo. Alituuliza siku ya kukamatwa, na tulipomwambia Ijumaa jioni akatabasamu kwa uchovu. Katiba hiyo hiyo inasema saa 24 zikiishia siku isiyo ya mahakama, mshikwa aletwe siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni amewapa waliomshika wikendi nzima ya bure. Miaka michache baadaye Wakenya waliupa mtindo huo jina, Kamata Kamata Friday, wakati huo wakiwacheka vigogo wa ufisadi. Kwetu hapakuwa na kicheko.

Jumapili nilipita Oile, mjini Kisumu, ambako wazee na vijana walikuwa wakikaa kubishana siasa. Mjadala wa siku hiyo, kama karibu kila siku mwaka ule, ulikuwa Obama, aliyekuwa anatarajiwa Kenya mwezi Julai. Kijana mmoja akauliza kama huyo mtoto wetu wa Marekani atakuja huku ameiacha wazi Guantanamo, gereza la Wamarekani kule Cuba, aliyoahidi kuifunga. Januari 2009, siku chache baada ya kuapishwa, Obama alitia saini amri gereza lile lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Sasa ilikuwa 2015 na bado kulikuwa na zaidi ya watu mia moja ndani. Mmoja wao alikuwa Mkenya, Mohammed Abdulmalik, aliyekamatwa Mombasa 2007. (Alirudishwa nyumbani Desemba 2024. Kwa miaka yote hiyo hakusomewa shtaka hata moja.)

Nikawaeleza yaliyotupata. Mzee mmoja, jaduong' ambaye huwa hasemi sana, akanigeukia. Alikuwepo mjini Oktoba 25, 1969, Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, watu wakapigwa risasi, na ndani ya siku chache chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Nilitarajia aniambie kwamba haya tuliyaona zamani. Hakusema hivyo.

"Wakati ule," alisema, "angalau jina lilitoka kwenye gazeti la serikali."

Nilimwona kama anatania. Baadaye nilisoma Katiba ya zamani nikakuta ni kweli. Serikali ya Kenyatta, na ya Moi baada yake, ilikuwa na uwezo wa kumfungia mtu miaka bila kesi, na iliutumia kikatili. Lakini hata sheria ile ilitaka mtu apewe sababu kwa maandishi katika siku tano, jina lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi katika siku kumi na nne, na jopo liipitie kesi yake kabla ya mwezi kwisha. Jopo halikuwafaa wengi, tunajua. Ila mke wa mtu alijua mumewe ni wa serikali. Wamarekani wenyewe hawakutoa orodha ya majina ya Guantanamo hadi 2006, miaka minne baada ya kuwapeleka watu kule, na ilibidi shirika la habari la Associated Press liende mahakamani kwanza.

Jumatatu asubuhi nilikwenda shuleni kuomba ruhusa. Mwenzangu wa somo la historia, aliyekuwa amesoma tanzia ya yule mwanafunzi wetu makaburini, hakunificha lililokuwa moyoni.

"Mwalimu, hao 148, nani aliwahesabia saa 24?"

Nilimwambia sheria si laini kama anavyodhani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawaruhusu polisi kumwomba hakimu wamshikilie mshukiwa zaidi, na hakimu anaweza kuongeza hadi siku 90. Miezi mitatu! Kama wana sababu, kwa nini wasiombe?

"Kwa sababu hakimu atataka kujua nani amesema, na aliyesema atauawa."

Hoja yake bado naiheshimu. Watoa habari huuawa kweli. Lakini ndiyo maana tangu 2006 tuna sheria ya kulinda mashahidi, na hakimu anaweza kusikiliza faraghani. Na siri ya shahidi haina uhusiano wowote na kumwambia mama mtoto wake yuko seli ipi. Kumficha mama hilo ndiko ninakoshindwa kukutetea kwa niaba ya mtu yeyote, hata nikiyakumbuka makaburi yale. Siku hiyo, hata hivyo, sikumjibu. Nilikuwa nachelewa.

Mahakama Kuu ya Kisumu. Mama mdogo alitia saini hati ya kiapo mkono ukitetemeka, wakili akaipeleka chini ya hati ya dharura, akiomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, hebiasi kopasi kama wanavyoiita. Katiba ya 2010 inaitaja amri hiyo katika kifungu cha 25, miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile. Tulipewa tarehe ya Jumatano. Wakili akatunong'oneza twende nyumbani tuwashe simu, kwa maana mara nyingi karatasi ikishapokelewa mtu huonekana.

Alionekana Jumanne jioni. Walimshusha Ahero, akaomba utingo wa matatu amkopeshe nauli hadi Kisumu. Alikuwa amekonda usoni na hakutaka taa izimwe. Hakupigwa, alisema, na niliamua kumwamini kwa sababu ndivyo alivyotaka. Hakujua alikokuwa. Walimuuliza namba moja ya simu, usiku na mchana, namba ya mteja ambaye aliwahi kumbadilishia skrini na ambaye hata sura yake hakuikumbuka.

Jumatano upande wa serikali ulimweleza jaji kwamba polisi hawajawahi kuwa naye. Na kwa kuwa sasa yuko nyumbani, ombi likafungwa. Tuliuliza kuhusu fidia. Wakili akauliza tuna namba gani ya OB. Mama mdogo akamtazama kwa muda, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Kilichobaki kikawa gunia la simu, ambalo halikurudi. Wateja walianza kuja kibandani wiki iliyofuata. Wengine walimwonea huruma, wengine waliogopa kusimama pale muda mrefu, lakini karibu wote walitaka simu zao au pesa. Alilipa kidogo kidogo. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Nyalenda mwenye Tecno, karibu na Krismasi. Habari za serikali hakutaka kuzisikia. Alizihesabu noti zake mara mbili, kisha akadai waandikiane.