Nilivyopika bakshalu za Ugadi Hyderabad nikiwa nimefunga

Mwaka 2025 Ugadi iliangukia tarehe 30 Machi, na siku hiyo sisi Waislamu wa hapa Hyderabad, India, tulikuwa funga ya 29, jioni yake tunatazama mwezi. Ugadi ndo mwaka mpya wa Wahindu wa majimbo ya Telangana (ndo letu la Hyderabad), Andhra Pradesh na Karnataka, wenzao wa Maharashtra siku hiyohiyo wanasherehekea Gudi Padwa, na wote wanaanza kuhesabu mwezi ukishapotea kabisa na mwingine unaanza. Kwa hiyo sio ajabu kalenda zetu mbili zikikutana, ni mwezi mmoja tu tunaufuata.

Mimi nimepanga chumba mtaa wa Tarnaka kwa mama mmoja wa Kitelugu, tunamwita Anti. Mwaka huo alikuwa anaumwa kiwiko, na bakshalu zinataka mkono, akaniita: "Amma (yaani mwanangu), nakuona na chapati zako kila daku, utanisaidia?" Bakshalu ni mkate mwembamba kama chapati ila ndani una dengu na sukari guru, Andhra wanaziita bobbatlu. Nikamwambia Anti nitasaidia kwa moyo wote lakini nimefunga, sitaweza kuonja. Akasema hata yeye haonji, chakula cha siku ile kinapelekwa kwanza kwa miungu yao na hakionjwi na mtu kabla. Aisee niliposikia hivo wasiwasi wote uliisha, maana jiko zima lingepika kwa macho, pua na mkono kama mimi.

Kuna jambo moja nililisema mapema na nawashauri wanafunzi wenzangu wanaokaa na wenyeji mfanye hivohivo. Nilimweleza Anti kwa upole kwamba sisi hatuli kilichokwisha kutolewa kwa miungu, akanijibu mbona rahisi, atanitengea changu pembeni kabla ya puja, ile ibada yao. Hakukasirika hata kidogo. Mtu anayeheshimu ibada yake anaelewa haraka na ya mwenzake, mimi ndo nilivyoona.

Siku ya kabla yake tulienda Monda Market kule Secunderabad, kumejaa majani ya mwembe ya kutundika mlangoni, embe mbichi, vyungu vipya vya udongo na maua ya mwarobaini yamefungwa mafungu mafungu. Mimi mtoto wa Tanga mwarobaini naujua wa majani, wa kuchemsha ukiwa na homa, maua yake sikuwahi kufikiria yanaliwa! Yanatumika kwenye pachadi, kile kinywaji cha Ugadi chenye ladha sita: tamu ya sukari guru, chachu ya ukwaju, uchungu wa maua ya mwarobaini, ukakasi wa embe bichi, chumvi na pilipili. Wanaanza mwaka kwa kunywa vyote sita pamoja kwa sababu mwaka wenyewe utaleta vyote. Hakipikwi kabisa. Ukwaju wa saizi ya ndimu unaloweka, unakamua na kuchuja, unakwangua sukari guru humo, embe unakatakata vipande vidogo na ganda lake, maua unayapukuchua kutoka kwenye vijiti uweke kama kijiko kidogo cha chai tu, afu pilipili mbichi na chumvi kwa ncha za vidole. Telangana wanakiongeza maji kikawa cha kunywa.

Sasa bakshalu, hapo ndo kazi. Asubuhi wenye nyumba walioga baada ya kujipaka mafuta ya ufuta, wakavaa nguo mpya, mi nikaingia jikoni. Unga wa ngano mweupe kikombe kimoja, bizari ya manjano kidogo, unaukanda laini kuliko wa chapati, mafuta unamimina mengi mpaka unahisi umezidisha (hujazidisha), unaufunika kama masaa mawili. Dengu zilizokobolewa na kupasuliwa kikombe kimoja, unaloweka, unachemsha mpaka ukiiminya moja kwa vidole inasagika ila kwenye sufuria bado iko nzima, ikivurugika umeshapoteza maana ujazo wa kuweka ndani ya mkate utakuwa uji. Chuja maji yote, Anti yale maji anapikia mchuzi mwepesi wa charu. Dengu unasaga na sukari guru kikombe kimoja, unarudisha motoni na hiliki, unakoroga bila kuacha, na kwa vile hatuonji dalili yetu ilikuwa ujazo kuachia kuta za sufuria na tonge kutoshika mkononi. Unafungia tonge ndani ya unga, unatandaza kwa vidole juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta, unapindua juu ya tawa, kile kikaango bapa cha chapati, unachoma kwa samli. Harufu ile na swaumu yangu, Mungu alinipa nguvu kwa kweli.

Mchana kuhani alikuwa kwenye TV anasoma panchangam, kalenda yao ya mwaka, mvua itakuwaje, kila nyota ina mapato na matumizi gani. Mwaka huo unaitwa Vishvavasu, majina yako 60 yanazunguka.

Saa kumi na mbili na nusu hivi adhana ikalia, nikafungua kwa tende afu pachadi yangu iliyotengwa. Inaanza tamu, chachu inafuata, uchungu unakuja mwisho kooni na unakaa. Nimeipenda kuliko sharubati zote za futari nilizokunywa mwezi ule. Usiku mwezi ukaandama, kesho yake Idi, nikawapelekea tambi za nazi zenye hiliki na zabibu, na Anti bakuli langu hakulirudisha tupu, aliweka bakshalu za jana. Zipashe juu ya tawa na samli kidogo, siku ya pili ni tamu zaidi.