Mwamuzi wa Besiboli Hana Filimbi

Jana usiku kaka yangu alinipigia simu kutoka Tanga, na aliposikia kwamba kijana wangu anafikiria kuacha chuo ili awe mwamuzi wa besiboli, akaniuliza: "Dada, mlikwenda Marekani kupiga filimbi?" Swali hilo limeniuma mpaka sasa. Mwamuzi wa besiboli hana filimbi; huchutama nyuma ya mdakaji, amevaa kinga za uso na kifua, akaamua kwa sauti na mkono kama mpira uliorushwa umepita juu ya kibao cheupe kilicholazwa ardhini, chenye upana wa sentimita 43. Mwanangu anaamua mechi za watoto hapa Ohio tangu akiwa na miaka 15. Nimemwona akiinama kufuta vumbi kwenye kibao kwa brashi yake ndogo, huku baba wa mtoto mmoja akimtukana kutoka nyuma ya wavu, naye asijibu neno. Nani kwetu alimfundisha subira ile?

Lakini bili ya muhula imefika, dola 2,400 kabla ya vitabu, nami ninakesha nikitunza wazee wa watu ili niilipe. Kazi anayoitaka haidai shahada, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina waamuzi wa kudumu 76 tu, na nafasi hupatikana mmoja wao anapoondoka. Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu katika ligi hiyo, alianza ligi za chini mwaka 2016 akafika juu Agosti 2025. Miaka yote hiyo ni ya kuzunguka miji midogo na kulala hotelini, kwa mshahara wa kujikimu tu.

Ninyi mnaojiandaa kuja na watoto, jueni kwamba mtoto akikulia huku, ndoto zake nazo zitazaliwa huku, na mjomba aliye nyumbani hatazielewa.

Nimemsihi asome miaka miwili katika chuo cha hapa jirani, jioni na Jumamosi aendelee na mechi za shule, kwani waamuzi wengi huishi hivyo, wana ajira nyingine. Akanijibu kwa adabu, "Mama, macho na magoti hayangoji shahada." Sikupata la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Nusu ya ada nimeshalipa. Iliyobaki inadaiwa Ijumaa, na Jumamosi ana mechi mbili.