Habari Zinazotembea kwa Miguu ya Wahubiri: Uzoefu Wangu wa Kuandika Matangazo ya Saketi Yetu ya Methodisti Mashariki mwa Uganda

Mwaka 2018 akina mama wa kanisa letu dogo lililo kando ya barabara ya Majanji walifika mjini Busia wakiwa wamevaa sare, wamebeba kuku watatu na mkungu wa matoke, wakakuta uwanja wa kanisa mtupu na mlinzi akifagia majani. Mkutano wa akina mama wa saketi nzima ulikuwa umefanyika Jumamosi iliyotangulia. Tarehe ilikuwa imebadilishwa kikaoni, na kila aliyehudhuria alidhani kwamba mwenzake ndiye atakayepeleka habari kule. Karani wa kikao hicho nilikuwa mimi. Mabadiliko hayo nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu katika daftari, kisha nikalifunga na kulirudisha kabatini.

Mama aliyewaongoza hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, sisi wa kule ni wa saketi hii au si wa saketi hii?" Sikuwa na jibu. Katika kikao cha robo mwaka kilichofuata niliomba nikabidhiwe kazi ya kukusanya na kusambaza habari za makanisa yetu yote, na wazee wakakubali.

Kwa wasioufahamu utaratibu wetu, saketi ni kundi la makanisa ya eneo moja yanayoongozwa na mchungaji msimamizi. Sisi tuna makanisa 11, mengine mjini Busia na Malaba, mengine vijijini kuelekea ziwani na upande wa Tororo, na wachungaji wetu ni watatu tu. Kwa hiyo Jumapili nyingi mimbari inashikwa na wahubiri wa mahali, yaani walimu, wakulima na wafanyabiashara waliofunzwa na kupitishwa na kanisa, wakipangwa katika orodha tunayoiita mpango wa wahubiri, inayoonyesha kwa robo mwaka nzima nani atahubiri wapi na lini. Waumini wetu ni Wasamia, Wajapadhola, Waiteso, Wasoga na wengine, na lugha inayotukutanisha sote ni Kiswahili. Wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya mpaka, na Umethodisti umezoea Kiswahili tangu siku nyingi, kwani Thomas Wakefield alianza kazi ya misheni kule Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Niliamua tangu mwanzo kwamba matangazo yataandikwa kwa Kiswahili, na kila kanisa litayafasiri kwa mdomo katika lugha ya nyumbani pale inapohitajika.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kundi la WhatsApp. Julai ya mwaka huohuo ilianza kutozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa yeyote anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, na kwa mkulima anayehesabu kila sarafu hilo lilitosha kumfanya aizime simu hadi Jumapili. Wazee wengi hawakuwa hata na simu za aina hiyo. Waliobaki kwenye kundi walikuwa vijana wa mjini, ambao walitumiana salamu za asubuhi na picha za maua zenye aya za Biblia, vitu vyema kabisa, ila tangazo la kikao lilizama chini yake kabla ya jua kutua.

Jaribio la pili lilikuwa gazeti dogo la kurasa nne, nililolichapa na kulidurufu kwa fedha zangu. Liliandikwa vizuri, nasema hivyo bila aibu, lakini halikusaidia. Nilikwenda kusali katika makanisa mawili ya vijijini ili nione linavyotumika, nikagundua kwamba karani anasimama mwishoni mwa ibada, watu wamechoka, watoto wanalia, naye anasoma aya mbili za mwanzo na kusema mengine yamebandikwa ukutani. Aya zangu mbili za mwanzo zilikuwa salamu kwa viongozi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninaandika kwa ajili ya masikio kuliko macho, na kwamba jambo lisiloingia katika dakika tano za kusomwa kwa sauti halitawafikia watu.

Kilichonifungulia njia nilikipata nilipokuwa nikiandaa somo la vijana kuhusu historia yetu. Mwaka 1742, kule Bristol, jumuiya ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ilikuwa na deni la nyumba yake ya mikutano, na mtu mmoja akapendekeza kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba wapo maskini wasioiweza hata peni hiyo, alisema yeye apewe watu 11, awatembelee kila wiki, na asiyeweza kulipa atamlipia mwenyewe. Wengine wakaiga. Waliokwenda kukusanya peni walianza kurudi na habari: huyu anaugua, yule ana ugomvi na mkewe, fulani ameacha kusali. Wesley akaona kwamba kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu kiko mikononi mwake, na ndivyo yalivyoanza madarasa yetu, yaani vikundi vidogo vya waumini, kila kimoja na kiongozi wake.

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Madarasa tunayo hadi leo, kila kanisa lina viongozi wa madarasa wanaowajua watu wao kwa majina na kwa milango, nami nilikuwa nimekaa mjini nikitafuta habari kwenye simu. Tena, kwa mujibu wa mpango wa wahubiri, kila Jumapili kuna mtu anayetoka kanisa moja kwenda jingine kwa bodaboda, kwa baiskeli au kwa miguu. Posta yetu ilikuwa inatembea tayari. Ilikuwa haijapewa barua.

Basi tulipanga hivi. Jumapili ya mwisho ya mwezi kila kanisa linajaza kikaratasi chenye maswali manne: nani anahitaji kuombewa na kutembelewa, nani ana furaha ya kushukuru, nini kimefanyika, na nini kinakuja. Mhubiri mgeni akimaliza ibada anakichukua, anakifikisha kwa mchungaji msimamizi, na mimi nakikuta hapo Jumatatu. Kutokana na vikaratasi 11 naandika karatasi moja, upande mmoja tu, ambayo mhubiri wa Jumapili inayofuata anaibeba anakokwenda. Nakala 40 zinatosha kwa saketi nzima: mbili za kusomwa na kubandikwa katika kila kanisa, na nyingine kwa viongozi wa madarasa yaliyo mbali. Gharama yake mhazini aliiingiza katika bajeti baada ya miezi mitatu, bila ubishi.

Mpangilio wa karatasi ndio ulionisumbua zaidi, na nadhani ndio wenye faida kwa yeyote anayefanya kazi kama hii. Nilianza na watu, ndipo nikaja kwenye shughuli, kwa sababu mtu akisikia jina la jirani yake aliyejifungua au kufiwa, anatulia, na akitulia atasikia pia tarehe ya semina. Kila shughuli inayokuja niliipa sentensi zinazojibu ni nini, ni siku gani, ni wapi, nani ahudhurie, aje na nini, na amuulize nani. Siku naandika pamoja na tarehe, nikihakikisha kwenye kalenda kwamba vinapatana, maana mtu akisoma "Jumamosi tarehe 14" na kumbe tarehe 14 ni Ijumaa, nusu ya watu watakuja siku moja na nusu siku nyingine.

Saa nazo zilinifundisha kwa uchungu. Tulimwalika mchungaji kutoka Mbale aje kuhubiri katika ibada ya shukrani, nami nikaandika kwamba ibada itaanza saa 3. Yeye aliisoma kwa Kiingereza. Alifika saa tisa alasiri, amevaa kanzu yake, akatukuta tunakunja mahema. Alisamehe kwa moyo mweupe, tena akaomba sala ya kufunga. Tangu siku hiyo saa naiandika kwa maneno pamoja na wakati wake, saa tatu asubuhi, saa nane mchana, na sijawahi kurudia kosa hilo.

Kosa lililoniuma kuliko yote ni jingine. Katika sehemu ya maombi niliandika ugonjwa wa kijana mmoja kwa jina lake, nikiamini ninamtakia mema, kwa kuwa ndivyo kikaratasi kilivyonifikia. Karatasi ilisomwa katika makanisa 11. Mama yake alikuja nyumbani kwangu siku ya pili, akakaa, akakataa chai, akaniambia kwamba mwanawe sasa hataki kutoka nje. Nilikwenda kumwomba kijana radhi ana kwa ana, na mbele ya wazee nikasema kwamba kosa ni langu, si la aliyeandika kikaratasi. Sasa hakuna jina linaloingia bila mwenyewe kukubali, na ugonjwa hatuutaji. Tunasema tu kwamba ndugu yetu anahitaji maombi na kwamba anapenda kutembelewa, au kwamba kwa sasa anaomba utulivu. Nimekataa pia kuorodhesha majina ya waliochangia na kiasi walichotoa. Tunataja jumla ya kila kanisa. Wapo waliolalamika, lakini mjane aliyetoa shilingi 1,000 hapaswi kusikia jina lake likifuata la aliyetoa 200,000.

Kuhusu kupanga tarehe nitasema kwa kifupi. Siku tusizoweza kuzihamisha sisi tunaziandika kwanza: Ibada ya Agano, ya kuweka upya agano letu na Mungu, Jumapili ya kwanza ya Januari, Pasaka, tarehe 24 Mei tunapokumbuka jinsi moyo wa Wesley ulivyotiwa joto katika mtaa wa Aldersgate, London, mwaka 1738, mavuno, Krismasi. Kisha tunaangalia siku za soko, mihula ya shule na msimu wa kupanda. Mazishi hayapangwi na mtu, na kwetu mazishi hutangulia kila kitu, kwa hiyo shughuli ya Jumamosi huwekewa Jumamosi ya akiba.

Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa nchini kote kwa sababu ya korona, usafiri nao ukasimama. Hakukuwa na mhubiri wa kubeba karatasi. Nilichofanya ni kuwapigia simu viongozi wa madarasa jioni, nikiwasomea habari polepole nao wakiandika, na kesho yake kila mmoja alipita kwa watu wake akisimama uani bila kuingia ndani. Habari nyingi za miezi hiyo zilikuwa za njaa: nyumba fulani haina chumvi wala sabuni, mzee fulani amekosa nauli ya bodaboda ya kwenda kuchukua dawa. Sidhani kama tungeyajua hayo kwa njia nyingine. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Septemba, kwa sharti la watu wasiozidi 70, tuligawa ibada kwa madarasa, na karatasi ikawa inaeleza darasa lipi lisali saa ngapi. Hakuna aliyerudishwa mlangoni.

Januari 2021, wiki ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Tulikuwa na kikao cha wasimamizi wa makanisa Jumamosi ya tarehe 16, na mchungaji msimamizi akaona ni heri kukiahirisha. Vijana wa ofisi walishika vichwa. Mimi nilikuwa na daftari lenye namba za viongozi wote, nikapiga simu za kawaida 11, na kila niliyempigia alinirudishia maneno yangu kama alivyoyasikia ili nihakikishe. Jumamosi ile hakuna aliyefunga safari bure.

WhatsApp tunaitumia hadi leo, nami siichukii. Kundi sasa lina kanuni moja, kwamba Jumapili jioni inawekwa picha ya karatasi na hakuna kingine hadi Jumatatu asubuhi, na kwa njia hiyo watoto wetu walioko Kampala na Nairobi wanajua nyumbani kuna nini. Lakini likizimika, kazi haisimami.

Karatasi ninayoiandaa wiki hii ina mambo mengi kuliko kawaida. Ibada ya mavuno itafanyika katika kila kanisa kwa zamu, tukianza na yale ya vijijini ambako mahindi yamekwishakauka. Kambi ya vijana itakuwa baada ya shule kufungwa mwezi Agosti, upande wa Tororo. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa, wa pale amejulishwa kwa barua, na kila kijana aje na blanketi, sahani, Biblia na barua ya mzazi. Wahubiri wa mahali wanaojifunza wataanza darasa lao Septemba, wanne mwaka huu, watatu kati yao wanawake. Mkutano wa akina mama utafanyika Oktoba, na mwenyeji, kwa mara ya kwanza, ni kanisa la barabara ya Majanji. Kikaratasi chao ndicho kilichonifikia kabla ya vyote: maji yapo, mahema mawili wameazima, na wanataka kujua idadi ya wageni kutoka kila kanisa ili wajue wapike matoke kiasi gani.

Makanisa manane yameshawajibu. Mawili yameahidi kujibu Jumapili, na nimemwomba mhubiri anayekwenda huko asiondoke kabla ya kupewa hesabu mkononi.