Nasoma akiolojia na jiografia, na hapana, hatutafuti mali ya Mjerumani

Huku kwetu Mtwara ukisema unasoma akiolojia, swali la kwanza ni mshapata ngapi. Watu wanaamini kabisa kila penye boma la zamani kuna rupia za Mjerumani zimefukiwa, sasa ukionekana na ramani na jipiesi mkononi ndo umekwisha. Kuna siku tuko fildi upande wa Mikindani, babu mmoja akapita, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akachungulia shimo letu akauliza, hivi ming'oko siku hizi inachimbwa huku? Ming'oko ni mizizi ya porini tunayochimba na kula huku kwetu, basi tulicheka sana. Shimo lenyewe mita moja kwa moja, unashuka sentimita kumi kumi kwa mwiko wa fundi, udongo wote unapita kwenye chekeche, na unachopata ni vigae vya vyungu, magamba ya kome na vipande vya mkaa. Dhahabu hamna bana.

Ila leo nataka kuongelea jiografia, mana hata wenzetu chuoni wanaichukulia kama somo la kujazia, umetoka HGL (historia, jiografia na Kiingereza) advansi unaendelea nayo ili ukikosa ajira ukafundishe. Mimi naona bila jiografia hivyo vigae ni takataka tu zenye namba.

Chukua Kilwa. Shuleni tumekaririshwa Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini zaidi, Msumbiji ya leo, basi, twende swali la pili. Lakini kwanini Kilwa, kwanini isiwe huko huko Sofala dhahabu ilikopakiwa? Upepo. Jahazi kutoka Arabuni au India linashuka na kaskazi, kama Desemba mpaka Machi hivi, halafu linasubiri kusi ilirudishe, na kaskazi yenyewe inavyozidi kwenda kusini inaishiwa nguvu, yaani ukifika Kilwa uko karibu na mwisho wa safari ya kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja, ukipitiliza mpaka Sofala unaweza kujikuta unalala huku hadi mwakani. Kwahiyo dhahabu kutoka bara, upande wa Zimbabwe, inaletwa Kilwa, mgeni anaikuta hapo, na sultani anakata ushuru wake kwa raha zake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika 1331 mji ulikuwa kwenye chati, na ile Husuni Kubwa, jumba la sultani pale juu ya jabali, ni ya karne hiyo hiyo. Mtu wa historia tupu ukimpeleka anaanza kupiga picha kuba na matao, wa jiografia anaipa magofu mgongo kwanza aangalie bandari ilivyojificha na maji yake yenye kina, halafu anauliza visima viko wapi.

Na bahari hiyo hiyo iliyoleta utajiri ndo inakula magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia urithi wa dunia wa UNESCO 1981, 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatolewa 2014. Mikoko ikikatwa mawimbi yanapiga ukuta moja kwa moja, sasa wewe fundi wa chokaa usiyejua mchanga unahamaje utakarabati mpaka uzeeke.

Watu wa Lindi najua mnasubiri mjusi. Tendaguru, kilima cha kwenu alikochimbwa huyo mjusi, sio akiolojia jamani, ile ni mifupa ya dinosaria ya miaka kama milioni 150, hakukuwa na binadamu. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, babu zetu ndo waliobeba mizigo kichwani mpaka bandari ya Lindi, na leo mjusi amesimama Berlin zaidi ya mita 13 kwenda juu. Atarudi lini? Mniulize vigae.

Disetesheni yangu nataka nipande Newala. Kule juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida tangu enzi, chemchemi ziko chini bondeni, na bado watu walijenga juu. Wazee wanasema walikimbia kuvamiwa. Sawa, inaingia akilini, ila nataka nione vigae vya zamani vimekaa juu, vimekaa chini, au vimefuata njia ya maji. Kwahiyo wewe mwenye shamba la korosho kule, jembe likiibua vigae usivioshe wala usivihamishe, viache palepale umwambie afisa utamaduni wa halmashauri. Na usiendelee kuchimba ukitafuta rupia.